Kuuza, kuachia au kulea: njia za kurekebisha mashirika ya taifa ili yashindane duniani

Tarehe 1 Juni 1984 ndege mpya aina ya Boeing 767 iliruka kutoka Washington hadi Addis Ababa bila kutua popote. Safari hiyo ya zaidi ya kilomita 12,000 ilikuwa rekodi ya masafa kwa ndege ya abiria yenye injini mbili. Mwenye ndege alikuwa Ethiopian Airlines, shirika la serikali kwa asilimia mia. Serikali yenyewe ilikuwa ya Derg, ya Kimarx, rafiki wa Moscow, iliyokuwa imeshataifisha ardhi, mabenki na viwanda. Lakini lilipokuja suala la ndege, shirika liliachwa lichague lenyewe, nalo likachagua mali ya Mmarekani.

Miaka 12 baadaye jirani yake, Kenya Airways, akafuata ushauri uliokuwa ukitolewa kila mahali wakati ule. Mwaka 1996 liliuzwa: KLM, shirika la ndege la Uholanzi, wakachukua asilimia 26, hisa nyingine zikaingia Soko la Hisa la Nairobi. Kwa miaka kadhaa lilisifiwa kama mfano wa ubinafsishaji uliofaulu. Kufikia mwaka wa fedha wa 2015/16 lilitangaza hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 26 za Kenya, na mwaka 2017 sehemu ya madeni yake ikageuzwa kuwa hisa, serikali ikajikuta tena mwenyehisa mkubwa kwa karibu asilimia 49.

Hapa sisemi kwamba serikali ni mfanyabiashara bora. Mashirika ya ndege ya serikali yaliyozikwa ni mengi. Ninachosema ni kwamba mjadala wa kuuza au kutouza huanza na swali la pili. Swali la kwanza ni hili: shirika likishindwa, nani ana ubavu wa kulinyima fedha, na anatumia kipimo gani kujua kwamba limeshindwa? János Kornai, mchumi wa Hungaria, alilitazama jambo hili tangu miaka ya 1970 katika viwanda vya nchi yake: meneja anayejua kwamba hazina itamlipia hasara hana sababu ya kuhangaika na gharama, hata awe mtu mwadilifu kiasi gani. Njia zote nitakazozilinganisha hapa ni majibu tofauti ya swali hilo moja. Zipime kwa hilo.

Kabla ya kuchagua, gawa mafungu

Kosa linaloonekana mara nyingi katika waraka wa sera ni kuyaweka mashirika yote kapu moja na kuyaandikia dawa moja. Yapo ya aina mbili, na tabia zao hazifanani.

Aina ya kwanza ni yale yanayouza nje yenyewe, au yanayoshindana na bidhaa za nje: chuma, madini, ndege, magari, meli. Haya yana hakimu tayari. Bei ya chuma haipangwi na waziri.

Aina ya pili ni yale ambayo wauzaji wa nje huyategemea: umeme, bandari, reli, maji, nyaya za mawasiliano. Haya hayauzi chochote ng'ambo, kwa hiyo katika mazungumzo ya ushindani wa dunia husahaulika. Kwa maoni yangu ndiyo yanayoamua mchezo. Kiwanda cha nguo cha mtu binafsi, kinachoendeshwa vizuri kuliko vyote, kitashindwa na mshindani wake wa bara lingine ikiwa umeme unakatika kila siku mchana na kontena linalala bandarini wiki mbili. Na aina hii haina hakimu wa asili. Mteja hana pa kwenda.

Dawa inayoponya aina ya kwanza yaweza kuua ya pili.

Kuuza: njia ya Uingereza

Serikali ya Margaret Thatcher iliuza asilimia 50.2 ya British Telecom (BT), kampuni ya simu, Novemba 1984, ikafuata gesi mwaka 1986, British Airways mwaka 1987, chuma mwaka 1988. Katika njia hii anayesema "hapana" ni mwenye mtaji: benki ikikataa mkopo na wenyehisa wakigoma kuongeza fedha, basi.

British Airways hutajwa kama ushahidi kwamba kuuza kunaleta ufanisi. Lakini tazama kalenda. John King aliteuliwa mwenyekiti mwaka 1981, na kazi ngumu ya kupunguza wafanyakazi kwa maelfu, kufunga safari zisizolipa na kubadili uongozi ilifanyika shirika likiwa bado mali ya umma. Liliuzwa likiwa limeshapona. Sehemu kubwa ya dawa ilikuwa tishio la kuuzwa pamoja na mwenyekiti aliyeachwa afanye kazi.

Embraer ya Brazil inafundisha jambo jingine. Ilianzishwa na serikali mwaka 1969, ikauzwa Desemba 1994 ikiwa taabani, kisha ikawa mmoja wa watengenezaji wakubwa wa ndege za abiria za ukubwa wa kati duniani. Aliyeinunua alinunua nini? Mradi wa ndege ya ERJ-145, ambayo iliruka mara ya kwanza mwaka uliofuata, na wahandisi waliotoka katika chuo cha anga cha ITA kilichoanzishwa mwaka 1950. Miaka 40 ya kusomesha watu ndiyo iliyouzwa, na serikali ikajibakizia hisa moja maalumu, ile wanayoiita hisa ya dhahabu, yenye kura ya turufu katika mambo nyeti. Linganisha na Rover, kampuni ya magari ya Uingereza, iliyouzwa kwa British Aerospace mwaka 1988, kwa BMW mwaka 1994, ikakabidhiwa wenyeji mwaka 2000, ikafa mwaka 2005. Iliuzwa mara tatu, na hakuna mwenye mali mpya aliyeweza kuipa gari ambalo watu walilitaka.

Kwa aina ya pili, kuuza ni hatari zaidi, na Railtrack ndiyo kesi ya kusoma kwa makini. Kampuni hii ilipewa njia za reli, ikaingia soko la hisa mwaka 1996. Ilikuwa inamiliki reli lakini matengenezo iliyatoa kwa wakandarasi, na haikuwa na daftari kamili la hali ya mali yake yenyewe. Tarehe 17 Oktoba 2000 reli ilivunjika chini ya treni karibu na Hatfield, watu wanne wakafa. Kwa kuwa kampuni haikujua ni wapi kwingine reli zilikuwa na nyufa kama zile, iliweka vizuizi vya mwendo nchi nzima, mtandao ukakwama kwa miezi, fidia zikaimeza. Oktoba 2001 iliwekwa chini ya msimamizi, na mwaka uliofuata reli zikapelekwa kwa Network Rail, chombo kisichogawana faida. Mali bila daftari hupotea bila habari. Safari hii zilipotea na roho za watu.

Somo la mdhibiti nalo ni hapa hapa. Waingereza walianzisha Oftel, mdhibiti wa simu, mwaka uleule wa kuuza BT. New Zealand iliuza Telecom mwaka 1990 bila mdhibiti wa sekta, ikitegemea sheria ya jumla ya ushindani. Kampuni mpya, Clear, ilipotaka kuunganishwa na mtandao wa Telecom, walibishana juu ya ada hadi kesi ikafika Baraza la Faragha (Privy Council) London, mahakama ya mwisho ya rufaa ya New Zealand wakati ule, lililoamua mwaka 1994. Kwa miaka hiyo yote mteja alikuwa anasubiri. Sheria mahususi ya simu ilipitishwa mwaka 2001.

Kuligeuza kampuni bila kuliuza: njia ya New Zealand

Hii ndiyo njia inayozungumzwa kidogo kuliko zote, na ndiyo nitakayokaa nayo muda, kwa sababu serikali yoyote inaweza kuianza bila mnunuzi, bila soko la hisa na bila mkopo.

Sheria ya mashirika ya serikali ya mwaka 1986 iliandika mambo machache kwa lugha nyepesi. Lengo kuu la shirika ni kuwa biashara inayofaulu, yenye faida na ufanisi sawa na kampuni binafsi. Wajumbe wa bodi wateuliwe kwa uwezo wa kulisaidia shirika kufikia lengo hilo. Kila mwaka bodi iandike tamko la nia: tutafanya nini, kwa mtaji gani, tutapimwaje. Waziri akitaka kulibadilisha tamko hilo, maelekezo yake lazima yawe kwa maandishi na yapelekwe bungeni.

Kisha kikaja kifungu cha 7, ambacho ningependa kila mwandishi wa sera akibandike ukutani. Kinasema hivi kwa ufupi: serikali ikitaka shirika litoe huduma ambayo kibiashara hailipi, basi pande mbili ziingie makubaliano na serikali iilipie.

Fikiria maana yake. Katika mashirika mengi ya umma hakuna anayejua hasara inatoka wapi. Mkurugenzi anasema tunapata hasara kwa sababu ya huduma za kijamii. Waziri anasema mnapata hasara kwa sababu ya uzembe. Wote wawili wana ukweli nusu, na kila mmoja anajificha nyuma ya nusu ya mwenzake. Shirika la namna hii haliwezi kupimwa, kwa hiyo haliwezi kunyimwa fedha. Kifungu cha 7 kinavunja maficho hayo. Huduma ya kijamii inapata bei, bei inaingia kwenye bajeti, wabunge wanaiona, na hasara inayobaki nje ya hapo ni ya mkurugenzi peke yake.

Gharama ya ukweli huo ilionekana haraka. Tarehe 5 Februari 1988 New Zealand Post ilifunga ofisi 432 za posta kwa siku moja, karibu theluthi ya mtandao wake. Miji midogo ililia, na ilikuwa na haki ya kulia. Kwao posta ilikuwa pia benki na mahali pa kukutana. Lakini shirika lililobaki lilianza kujitegemea. Anayetaka faida za njia hii aiangalie tarehe hiyo kwanza na ajiulize kama serikali yake ingestahimili wiki iliyofuata.

Udhaifu wake? Ni kwamba anayesema "hapana" bado ni waziri, na waziri hubadilika. Sheria inaweza kumlazimisha aandike maelekezo yake. Haiwezi kumpa moyo wa kukataa. New Zealand wenyewe waliiuza reli mwaka 1993 kisha wakainunua tena, njia zikirudi mwaka 2004 na treni mwaka 2008. Na Air New Zealand, iliyouzwa mwaka 1989, iliokolewa kwa fedha za serikali mwaka 2001 baada ya kampuni yake tanzu ya Ansett kuanguka. Kwa hiyo hata mwalimu wa njia hii ameshika chaki kwa mikono miwili.

Kampuni hodhi: njia ya Singapore

Mwaka 1974 Singapore iliunda Temasek, kampuni ya kushika hisa za kampuni nyingine, ikaipa kampuni 35 zilizokuwa chini ya Wizara ya Fedha. Orodha yake ya mwanzo inachekesha kidogo: shirika changa la ndege, karakana za meli zilizoachwa na jeshi la majini, kiwanda cha chuma, kiwanda cha viatu, cha sabuni, na bustani ya ndege wa porini. Thamani ya vyote ilikuwa dola milioni 354 za Singapore. Mwaka 2024 mali za Temasek zilikuwa dola bilioni 389 za nchi hiyo. Usizilinganishe namba hizo mbili moja kwa moja kama wafanyavyo watu wengi. Njiani serikali iliongeza mali na mtaji mwingine.

Wazo lenyewe ni rahisi. Wizara inatunga sera. Kampuni hodhi inakaa kama mwenyehisa, inateua bodi, inadai gawio, inauza isichokihitaji. Kati ya mwanasiasa na meneja kunawekwa ukuta. Kipimo ni thamani ya hisa.

Je, ukuta huo unashika? Ushahidi wangu mmoja ni Neptune Orient Lines, kampuni ya meli ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1968. Kwa taifa linaloishi kwa bandari, meli zenye bendera yake si jambo dogo. Biashara ya makontena ilipogeuka kuwa ya majitu na kampuni ikawa inapata hasara, Temasek iliuza hisa zake kwa CMA CGM ya Ufaransa mwaka 2016. Shirika la nembo ya taifa liliachwa liende. Ukitaka kujua kama kampuni hodhi ni ya kweli, usiulize imenunua nini. Uliza imewahi kuachia nini.

Mfano wa upande wa pili hauko mbali. Malaysia iliunda 1MDB mwaka 2009, nayo ilikuwa kampuni ya serikali ya kuwekeza, yenye ofisi nzuri na washauri wa kimataifa. Waziri Mkuu, Najib Razak, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa bodi ya washauri na pia waziri wa fedha. Mabilioni ya dola yalichotwa, na mwaka 2020 Najib alitiwa hatiani katika kesi iliyohusu SRC, kampuni iliyowahi kuwa tanzu ya 1MDB. Umbo lilikuwa la kampuni, ila ukuta haukuwepo. Ndiyo maana nasita ninaposikia nchi inatangaza kampuni hodhi kama hatua ya kwanza ya mageuzi. Ukikusanya mashirika yote kwenye kapu moja na mkono uleule bado umeshika kapu, umemrahisishia kazi mwenye mkono.

Kulea kwa masharti: njia ya Korea Kusini

Njia hii ni tofauti kwa sababu haijali sana kama kampuni ni ya umma au ya mtu binafsi. Inajali inauza nini nje.

Anza na POSCO. Korea Kusini ilitaka kiwanda cha chuma. Benki ya Dunia iliuona mradi hauna faida, na muungano wa kampuni za kigeni uliotarajiwa kuufadhili ukavunjika mwaka 1969. Fedha zikatoka katika malipo ya Japani yaliyotokana na mkataba wa mwaka 1965 wa kurejesha uhusiano kati ya nchi hizo mbili. Kampuni ilisajiliwa mwaka 1968 chini ya sheria ya kawaida ya makampuni ingawa mwenye hisa alikuwa serikali. Kiongozi wake, Park Tae-joon, alipoona wanasiasa wanataka kuingiza mkono katika ununuzi wa mitambo, aliandika waraka mfupi wa kuomba uhuru wa kununua, na Rais Park Chung-hee akausaini pembeni mwaka 1970. Karatasi moja, sahihi moja. Wakati mwingine mageuzi ya utawala bora huwa na ukubwa huo. Mwaka 1977, zege la sehemu moja ya upanuzi lilipoonekana halina kiwango ingawa ujenzi ulikuwa umefika mbali, aliamuru lilipuliwe kwa baruti mbele ya wakandarasi. Kiwanda kilianza kutoa chuma mwaka 1973, na serikali haikumaliza kuuza hisa zake hadi mwaka 2000, kampuni ikiwa imeshakuwa jitu la dunia.

Kwa kampuni binafsi utaratibu ulikuwa mkopo nafuu na ulinzi wa soko la ndani, lakini kwa malengo ya kuuza nje. Rais mwenyewe aliketi katika mkutano wa kila mwezi wa mauzo ya nje, namba zikisomwa mbele yake. Mauzo ya nje ya nchi yalifika dola milioni 100 mwaka 1964 na dola bilioni 10 mwaka 1977.

Sasa weka magari mawili pamoja. Hyundai ilianza kuuza gari lake la Pony nje mwaka 1976, Ecuador, magari ya kuhesabika kwa vidole, na mwaka 1986 ikaingia Marekani na kuuza zaidi ya magari 160,000 mwaka wa kwanza. Proton ya Malaysia ilianzishwa mwaka 1983, ikatoa gari la kwanza mwaka 1985 kwa msaada wa Mitsubishi, nyuma ya ukuta mrefu wa ushuru. Ilijaribu kuuza nje pia. Ilifika Uingereza mwaka 1989. Lakini nyumbani ilikuwa na wateja wasio na chaguo jingine la bei yao, na kuuza nje hakukuwa sharti la kuendelea kulindwa. Mwaka 2017 asilimia 49.9 zilinunuliwa na Geely ya China. Zote mbili zililindwa. Soko la Korea Kusini nalo lilifungwa kwa magari ya kigeni hadi miaka ya 1980. Tofauti ni kwamba mmoja aliambiwa ukibebwa bebeka, mwingine akabebwa tu.

Nisiipambe njia hii kupita kiasi. Iliendeshwa chini ya utawala wa kijeshi uliobana vyama vya wafanyakazi, na iliacha kampuni kubwa zilizodhani haziwezi kuangushwa. Mwaka 1997 Hanbo na Kia zilianguka, nchi ikakimbilia Shirika la Fedha la Kimataifa, na mwaka 1999 Daewoo ikaporomoka na madeni ya kutisha. Mlezi aliyejua kusema "hapana" kwa mtoto mdogo alishindwa kumwambia alipokuwa mkubwa kuliko yeye.

Na China?

Wengi huuliza kwa nini wasiige China tu. Njia yake ilikuwa kushika wakubwa na kuachia wadogo: kuanzia katikati ya miaka ya 1990 maelfu ya mashirika madogo yaliuzwa au kufungwa, zaidi ya watu milioni 20 wakapoteza kazi, na mwaka 2003 kampuni 196 za serikali kuu zikawekwa chini ya chombo kimoja, SASAC. Leo ni chini ya 100, nyingi zikiwa zimeunganishwa. Mwaka 2015, kwa mfano, watengenezaji wawili wa treni waliokuwa wakivunjiana bei katika zabuni za nje waliunganishwa kuwa CRRC. Kuunganisha namna hiyo kunawezekana ukiwa na soko la ndani la watu zaidi ya bilioni linalokulisha wakati unajifunza. Nchi ndogo ikiunganisha wawili inapata ukiritimba mmoja uliolala. Nimeitaja ili niiweke pembeni.

Zikiwekwa bega kwa bega

| Njia | Anayesema "hapana" | Kipimo chake | Inapovunjika |
|---|---|---|---|
| Kuuza | Benki na wenyehisa | Faida, bei ya hisa | Ukiritimba ukiuzwa bila mdhibiti wala daftari la mali |
| Kuligeuza kampuni | Waziri, mbele ya bunge | Tamko la nia, huduma za kijamii zenye bei | Waziri akichoka au akikaribia uchaguzi |
| Kampuni hodhi | Bodi iliyo mbali na wizara | Thamani ya mali zote | Kiongozi wa nchi akikaa juu ya kapu |
| Kulea kwa masharti | Mnunuzi wa nje, kupitia mkopeshaji wa serikali | Mauzo ya nje | Kampuni ikiwa kubwa kuliko mlezi |

Milango iliyofungwa tangu hapo

Anayeiga lazima ajue sheria zimebadilika. Tangu mwaka 1995 mkataba wa ruzuku wa Shirika la Biashara Duniani unakataza ruzuku inayotolewa kwa sharti la kuuza nje, na ile ya sharti la kutumia bidhaa za ndani badala ya za nje. Nchi zenye maendeleo duni kabisa, pamoja na nyingine za kipato cha chini zilizoorodheshwa katika mkataba huo, zimesamehewa katazo la ruzuku ya kuuza nje. Kwa wengine wote, silaha kuu ya Korea Kusini haitumiki tena kwa uwazi ule. Kinachobaki ni kingi bado: kurudisha ushuru wa malighafi zilizoingia katika bidhaa iliyouzwa nje, kusomesha mafundi, maabara za viwango, utafiti, bandari inayofanya kazi usiku.

Mikataba mipya inabana zaidi. Ule wa CPTPP wa nchi za Pasifiki, ulioanza kutumika mwishoni mwa 2018, una sura nzima inayoyataka mashirika ya serikali yafanye maamuzi ya kibiashara na inayodhibiti misaada ya serikali kwao. Na Umoja wa Ulaya, kuanzia Januari 2026, unatoza gharama ya kaboni mpakani kwa chuma, saruji, alumini, mbolea, haidrojeni na umeme. Kwa saruji na mbolea, hata hewa chafu ya umeme uliotumika kiwandani inahesabiwa. Kwa maneno mengine, bei ya mfuko wa saruji wa kampuni binafsi sasa inategemea shirika la umeme linachoma nini. Ndiyo sababu nilianza na yale mafungu mawili.

Ningechagua nini

Kwa shirika linaloshindana sokoni na lisilo na siri ya ukiritimba, kama hoteli, kiwanda cha vinywaji au benki ya biashara, ningeuza, na ningeuza kwa mnunuzi mwenye soko na ujuzi, hata akileta bei ya chini kuliko mwenye fedha taslimu tu. Kungoja bei nzuri ya shirika linalooza ni kulipia uozo.

Kwa umeme, reli, maji na bandari, ningeanza na New Zealand, na miaka mitatu ya kwanza isingekuwa na neno kuuza kabisa. Daftari la mali. Kifungu cha 7. Mdhibiti anayepanga bei kwa kanuni iliyochapishwa. Na jambo dogo linalodharauliwa: idara za serikali zilipe ankara zao za umeme na maji kwa wakati, maana shirika linalodaiwa kufanya biashara wakati mdaiwa wake mkubwa ni wizara inayolisimamia halitafanya biashara. Baada ya hapo, sehemu zenye ushindani, kama kuzalisha umeme au kuhudumia kontena, zinaweza kukaribisha watu binafsi. Nyaya na gati vibaki.

Kampuni hodhi ningeiacha iwe hatua ya mwisho. Jaribio langu ni moja: je, waziri na mkuu wa nchi wako tayari sheria iwazuie kuteua mkurugenzi mtendaji wa kampuni yoyote iliyomo ndani? Wakisema ndiyo na wakaisaini, endelea. Wakianza kueleza hali maalumu ya nchi, funga faili.

Na kulea? Kwa sekta moja au mbili, zilizo na wahandisi tayari kama ilivyokuwa Embraer, na kwa mkataba wenye tarehe ya kukoma. Tarehe hiyo iandikwe kabla fedha ya kwanza haijatoka, kwa sababu baada ya hapo kiwanda kitakuwa na wafanyakazi elfu tano, mbunge, na timu ya mpira.

Ukiletewa waraka wa sera mezani, ruka dira na dhamira, nenda moja kwa moja kwenye sura ya fedha. Tafuta sentensi isemayo serikali itaendelea kuliwezesha shirika. Kama haina kiasi, haina tarehe na haina jina la atakayezuia malipo lengo likikosekana, urudishe kwa aliyeuandika.